Mnaotuambia "turudi kwenye kanisa la kwanza", rudini na daftari la mapato na matumizi

Wakuu, hii kauli ya "kanisa la kwanza" imenichosha. Inatolewa kila sadaka zikipungua, na mstari ni uleule: Matendo 4, watu wanauza mashamba na kuweka fedha miguuni pa mitume. Kikapu kikishapita, Biblia inafungwa. Sura mbili mbele hapafiki mtu.

Haya, tufike. Matendo 6: wajane wa upande wa Wayahudi waliosema Kigiriki wanarukwa kwenye mgawo wa kila siku, manung'uniko yanaanza. Mitume hawakusema "hiyo ni roho ya uasi". Hawakumtisha mtu kwa "usimguse mpakwa mafuta", Zaburi 105 ambayo inasimulia Mungu alivyowakemea wafalme wasiwadhuru akina Abrahamu. Muumini kuuliza hesabu haimo. Waliita mkutano, wakaagiza waumini wachague wenyewe watu 7 wenye sifa njema, wakawakabidhi mgawo wote. Someni majina: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ya Kigiriki! Kwa dalili hiyo, upande uliolalamika ndio uliopewa usimamizi. Leo ukilalamika unaondolewa kwenye kundi la WhatsApp la kanisa kabla ibada haijaisha.

Paulo naye alipochangisha kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu aliweka utaratibu ambao mhasibu yeyote angeukubali. Kila mtu aweke akiba siku ya kwanza ya juma kwa kadiri ya kipato chake, ili michango isianze kukusanywa Paulo akishafika (1 Wakorintho 16). Yaani alizuia kabisa ile michango ya papo kwa papo, mhubiri mgeni akiwa jukwaani na kinanda kinalia taratibu. Wabebaji wa fedha wachaguliwe na watoaji, wapewe barua. Na kwenye 2 Wakorintho 8 anataja sababu waziwazi: asije mtu akawalaumu kwa fedha nyingi kiasi hicho. Mtume mzima anajilinda dhidi ya lawama, halafu wa leo akaunti ya kanisa ina sahihi moja, au mbili za mume na mke.

Wale wenye cheo cha "mtume na nabii" watafute Didake, mwongozo wa kanisa wa mwishoni mwa karne ya 1 au mwanzoni mwa ya 2. Ni mfupi, unasomeka kwa dakika chache. Mtume akija apokelewe, akae siku 1, ikibidi 2. Akikaa 3 ni nabii wa uongo. Akiondoka apewe mkate wa kumfikisha atakapolala. Akiomba fedha ni wa uongo. Akisema "katika Roho" nipeni fedha, asisikilizwe, isipokuwa anawaombea wengine wenye shida. Pitisheni mafuta ya upako ya kuuzwa na "panda mbegu upokee muujiza" kwenye chujio hilo muone kinachobaki.

Msinielewe vibaya, mchungaji kulipwa si dhambi. 1 Wakorintho 9 na 1 Timotheo 5 ziko wazi, na hiyo hiyo Didake inampa nabii wa kweli anayekaa na watu malimbuko ya divai, nafaka na mifugo. Ila inaongeza: kama hamna nabii, wapeni maskini. Hicho kipande hakihubiriwi.

Fungu la kumi ndiyo kabisa. Mnatutisha kwa Malaki 3, kwamba asiyetoa zaka (hilo fungu la kumi) anamwibia Mungu, na mnaficha Kumbukumbu la Torati 14, ambako zaka ya mwaka wa 3 inaliwa na Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Justino, mwandishi Mkristo wa karne ya 2, akiandika Roma mwaka 155 hivi, anasema mwenye nacho hutoa anachoona yeye, kinawekwa kwa msimamizi wa ibada, kinakwenda kwa yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Tertuliano, mwandishi Mkristo wa Karthago, Afrika Kaskazini, mwaka 197 hivi, anasema ni sarafu kidogo kwa mwezi, kwa anayetaka na anayeweza, na anataja matumizi hadi mazishi ya maskini na waliofungwa migodini. Zaka kuwa amri yenye adhabu ya kutengwa ni habari ya sinodi (mkutano wa maaskofu) ya Mâcon, katika Ufaransa ya leo, mwaka 585.

Hesabu za kanisa hilo la kale zipo hata leo. Mwaka 251 askofu Kornelio wa Roma aliandika: mapadri 46, mashemasi 7, mashemasi wadogo 7, wahudumu wa altare 42, na watoa pepo, wasomaji na walinda milango jumla yao 52. Kisha wajane na wahitaji zaidi ya 1,500 waliokuwa wakitunzwa. Karibu wahitaji 10 kwa kila mhudumu mmoja! Kanisa lenu lina orodha ya wajane, au lina orodha ya wadaiwa wa ahadi za ujenzi tu?

Hawakuwa malaika, Wakorintho walikuwa wanalewa mezani pa Bwana huku wenzao wana njaa. Tofauti ni kwamba walikemewa kwa barua iliyosomwa na wote.

Anayetaka kutetea aje na majibu haya: sadaka inahesabiwa na watu wangapi, nani aliwachagua, taarifa ya matumizi inasomwa lini mbele ya waumini, na mzee wa kanisa akishtakiwa kwa mashahidi 2 au 3 kama 1 Timotheo 5 inavyotaka, kesi inasikilizwa na nani.