Re: Uuguzi Marekani: ADN au BSN?

> Dada mmoja ni CNA (msaidizi wa wauguzi), anauliza aanze ADN (stashahada ya uuguzi) komyuniti koleji au aingie BSN (shahada ya uuguzi) moja kwa moja.

Dada, ile "miaka miwili" ya ADN huhesabiwa ukishaingia kwenye programu yenyewe. Kabla ya hapo kuna kozi za awali: anatomia na fiziolojia ya kwanza na ya pili, mikrobaiolojia, Kiingereza, saikolojia, na penginepo kemia au takwimu. Anatomia ya pili huwezi kuisajili mpaka ufaulu ya kwanza, kwa hiyo hazibanwi muhula mmoja. Kwa mtu anayefanya kazi, hesabu miaka mitatu, na kama chuo kina foleni ya kusubiri, zaidi. Uliza pia alama za sayansi zinadumu muda gani, maana vyuo vingi havipokei zilizopita miaka 5 au 7.

Mtihani wa leseni ni mmoja kwa wa ADN na wa BSN, NCLEX-RN, na leseni ni ileile, ya RN (muuguzi aliyesajiliwa). Tofauti huonekana kwenye ajira. Hospitali kubwa, hasa zenye hadhi ya Magnet (tuzo ya ubora wa uuguzi), hupendelea BSN. Nyumba za wazee na vituo vya kusafisha damu ya wagonjwa wa figo huchukua ADN bila shida. New York ina sheria ya 2017 inayomtaka RN mpya apate BSN ndani ya miaka 10. Soma matangazo ya kazi ya hospitali za mji wako kabla ya kuchagua chuo.

Kwa CNA mwenye familia, mimi nasema ADN kwanza, kisha RN-to-BSN ya mtandaoni huku mwajiri akichangia ada. Sheria ya kodi inamruhusu akulipie hadi dola 5,250 kwa mwaka bila wewe kukatwa kodi. Lakini njia hiyo hufungwa na chuo kibovu. Hakikisha kimeidhinishwa na bodi ya wauguzi ya jimbo na kina ithibati ya ACEN au CNEA (mashirika yanayokagua ubora wa mafunzo ya uuguzi), la sivyo chuo cha BSN kinaweza kukukatalia. Tazama kwenye tovuti ya bodi asilimia ya wanaofaulu NCLEX mara ya kwanza. Na anayekuuzia cheti bila mafunzo ya wodini, mkimbie: Januari 2023 serikali ilitangaza kesi ya vyeti bandia zaidi ya 7,600 huko Florida.

---

Naongezea kwa wenye vyeti vya nyumbani.

Ukiwa na shahada ya fani nyingine, iwe ya Dar es Salaam au Nairobi, uliza ABSN, yaani BSN ya haraka kwa wenye shahada tayari: miezi 12 hadi 18, lakini kazi ya muda wote haiwezekani. Jua pia kwamba shahada ya nje inakuondolea Pell Grant (msaada wa ada wa serikali usiorudishwa), hata ukienda ADN.

Aliyesomea uuguzi nyumbani asianze upya, tafadhali. Bodi nyingi hutaka tathmini ya vyeti ya shirika la CGFNS (sasa huitwa TruMerit), kisha NCLEX. Chuo chako lazima kitume matokeo moja kwa moja; ukiyatuma mwenyewe hayakubaliwi, na hapo ndipo wengi hukwama miezi. Likipungua somo, mathalani afya ya akili, bodi inaweza kukuruhusu ulisome hilo tu.

---

Jambo moja dogo: chanjo ya homa ya ini B kwa kawaida ni dozi tatu ndani ya miezi 6, na bila uthibitisho huingii wodini. Ianze sasa, ukiwa bado kwenye kozi za awali.