Tungule za bibi hazinyauki, za dukani zinakufa. Naweza kuzichanganya?

Konde_la_Wete
Assalaam alaykum. Nalima tungule bondeni, huku Wete. Mbegu za dukani, zile F1 (chotara), tunda lake kubwa, sokoni halilali. Lakini masika yakikolea mti unanyauka ghafla, majani bado mabichi. Pembeni nina za kienyeji alizoniachia bibi: ndogo, chachu, ila zinasimama pale pale wenzake wanapokufa. Naweza kuzizalisha pamoja? Kila msimu kununua pakiti mpya kunanimaliza.

MchapaJembe
Wa alaykum salaam. Kwa F1 huna budi kununua. Ukipanda mbegu ya tunda lake, kila mti unatoka na sura yake.

Fundi_Kitalu
Kwanza jua unapigana na nini. Kata shina karibu na ardhi, ning'iniza ncha yake kwenye gilasi ya maji safi, usitikise. Baada ya dakika chache ukiona uzi mweupe kama maziwa unateremka, huo ni mnyauko wa bakteria, na usikubali kuuziwa dawa ya kupulizia. Mnyauko wa fusari, ule wa ukungu, hautoi uzi huo.

Ukishajua, mzazi wa tunda kubwa asiwe F1. Tafuta aina ya Tanya au Tengeru 97, zilitolewa hapa Tanzania 1997 na mbegu yake haibadiliki ukiirudia kupanda. Ua la tungule hujichavusha lenyewe, basi liwahi jioni, petali zikianza unjano kabla hazijafunguka. Kwa kibano toa kile kikoba cha njano chote, ubakishe kijiti cha katikati. Asubuhi chukua ua lililofunguka la mti wa bibi, kung'utia unga wake juu ya ukucha, gusisha kijiti. Funga uzi wa rangi usije ukalila tunda hilo.

Kizazi cha kwanza miti itafanana, usishangilie. Cha pili ndicho kinachotawanyika. Hicho cha pili kioteshe hapo hapo panapokufa tungule, tena miti mingi, kwa sababu ukinzani wa mnyauko aghlabu huandamana na tunda dogo. Unaotaka wewe ni ule mmoja mmoja uliosimama na tunda la maana.

Konde_la_Wete
Mpaka itulie ni muda gani?

Fundi_Kitalu
Kama kizazi cha sita. Ukiwa na maji ya kumwagilia kiangazi, vizazi viwili kwa mwaka.

BintiChake
Miaka mitatu! Mie nabebesha tungule, yaani naunga kichwa chake juu ya shina la mche wa bilingani, yaishe. Si kila bilingani lakini. World Vegetable Center, wale wenye kituo Arusha, wanapendekeza aina ya EG203. Kazi ni kivuli na unyevu siku za mwanzo, kiungo kikikauka mche umekwenda.

Fundi_Kitalu
Dada, fanya hivyo huku mwenzetu anachagua. Havigombani.

Konde_la_Wete
Nitaanza na gilasi. Na mbegu za bibi, nikikamua nianike tu?

MchapaJembe
Zilaze na maji yake kwenye kopo siku mbili tatu, ute uchachuke utoke. Osha, zinazoelea mwaga, zilizozama anika kivulini. Chupa kavu, kizibo kikaze.