Picha za wanangu zinatangulia kwenye utafutaji wa picha, nifanyeje?

Baba Pacha
Wakuu, nimekwama. Ukiandika maneno fulani ya kawaida kabisa kwenye utafutaji wa picha, mapacha wangu ndio wanatokea juu. Si majina yao, ni maneno ambayo yeyote anaweza kuandika. Sisi si watu maarufu. Wamefikaje kule, na nawashushaje? Usingizi umekata.

Kapuku Msomi
Pole mkuu. Yangu ya chuo, nywele kama nimepigwa shoti, bosi aliiona kabla ya usaili. Kazi nikapata. Vumilia tu.

Bi Mkubwa
Watoto wa siku hizi wanapigwa picha kabla hata hawajanyonya. Haya ndiyo matunda yake.

Mzee wa Kaunta
Acheni kumtisha. Google Images yenyewe ilianza 2001 baada ya watu kulitafuta mno gauni la kijani alilovaa Jennifer Lopez kwenye Grammy za 2000. Mapacha wako kwenye kundi la wakubwa!

Fundi Mitandao
Turudi kwenye mada. Picha haipandi hivihivi. Google inasoma jina la faili, maelezo mbadala (maneno ya kuieleza picha yanayowekwa ndani ya ukurasa), maandishi yaliyo karibu na picha na kichwa cha ukurasa. Faili inayoitwa IMG_ na tarakimu haiiambii Google kitu. Hapo kuna mtu aliyezipa majina. Halafu kama maneno hayo hayana picha nyingine nzuri, huna mpinzani. Ziko wapi?

Baba Pacha
Kwenye tovuti moja hivi.

Fundi Mitandao
Ya nani?

Baba Pacha
Yangu. Ya malezi. Sawa, majina niliandika mimi, "mapacha-wachanga-wamelala" na mengine. Ina matangazo, na picha hizo ndizo zinazoleta wasomaji. Msinihukumu, watoto wanahitaji matumizi. Nilikuwa nawaza nizipunguze ukubwa tu, zishuke zenyewe.

Mpiga Ramli
Jamani, hii chai. Akaunti mpya, maneno hataji, sasa ghafla ana tovuti. Kesho anaweka kiungo, nyote mnabofya.

Kapuku Msomi
Duh, kweli. Na mimi nimeshatoa siri ya nywele zangu.

Baba Pacha
Kiungo siweki! Ingekuwa tangazo ningesema kwamba mke wangu hajui? Dada yake ndiye aliyemtumia picha ya skrini. Anaamini tumeibiwa, anamtafuta mwizi.

Bi Mkubwa
Mwizi analala naye.

Mpiga Ramli
Chai imeongezwa tangawizi.

Fundi Mitandao
Chai au si chai, jibu ni lilelile. Kupunguza ukubwa hakuziondoi. Zifute, au seva yako iwe inatuma agizo la noindex, yaani "usiionyeshe kwenye utafutaji", kwa kila faili. Zana ya kuondoa iliyo kwenye Search Console, huduma ya Google kwa wenye tovuti, inaficha kwa takriban miezi 6 tu. Ila mzazi anaweza kuomba Google iondoe kwenye matokeo picha ya mtoto aliye chini ya miaka 18. Mama watoto anaweza kuijaza fomu hiyo leo.

Baba Pacha
Fomu hiyo inataka anwani ya tovuti?

Fundi Mitandao
Anwani ya picha na ya ukurasa ilipo. Ataufungua azinakili.

Baba Pacha
Basi naomba maelekezo ya noindex. Matangazo yatabaki, sivyo?