Kebo za televisheni Marekani: mji uendelee kusikiliza kero za wateja?

Mleta hoja: Wadau, wapo wanaotaka miji ya Marekani iachane na kampuni za kebo, eti mteja asiyeridhika atahama. Napinga. Nyaya zimepita kwenye barabara za umma kwa kibali, na sheria ya shirikisho inaruhusu mji kutoza ada hadi asilimia 5 ya mapato ghafi ya kebo. Mla ada asikwepe kero.

Mchangiaji wa pili: Ada sawa mkuu, meno yako wapi? Tangu 2015 FCC, tume ya shirikisho ya mawasiliano, huchukulia kwamba ushindani upo mpaka mji uthibitishe kinyume, na penye ushindani mji hauruhusiwi kudhibiti bei. Televisheni ya satelaiti haimo kabisa kwenye kibali cha mji. Bili ikipanda, karani wa mji anayepokea malalamiko ataibembeleza kampuni tu.

Mleta hoja: Nani kataja bei? Nazungumzia viwango vya huduma vya FCC. Simu ipokelewe ndani ya sekunde 30, angalau mara 90 katika kila 100, hesabu ikifanywa kwa robo mwaka. Huduma ikikatika, kazi ianze ndani ya saa 24. Muda wa miadi ya fundi usizidi saa 4. Mji unaweza kuvisimamia, ila kwanza utoe notisi ya maandishi ya siku 90. Hapo ndipo wengi huteleza: notisi haikutumwa, na mkataba wa mji na kampuni haukutaja faini.

Mchangiaji wa tatu: Mmeruka kipengele kitamu. Kwenye kiwango cha kupokea simu, kampuni hailazimiki kununua mitambo ya kukipima wala kufanya utafiti, isipokuwa kumbukumbu za malalamiko zionyeshe wazi kwamba imeshindwa. Faili la karani ndilo meno yenyewe! Lakini "kebo mbovu" haisaidii kitu. Andika: "Fundi aliahidiwa kati ya saa 2 asubuhi na saa 6 mchana, hakuja, hakupiga simu," na namba ya tiketi. Picha ikiganda kila mvua inyeshapo, taja mvua; huenda maji yameingia kwenye koneka ya nje, na hapo kampuni isikusingizie waya wa ndani.

Mchangiaji wa pili: Hapo nakubali nusu. Waya huohuo unaleta intaneti, na kibali cha kebo hakiupi mji mamlaka juu ya intaneti hiyo. Kero ya intaneti ikiletwa, karani ataielekeza FCC, na faili lenu litabaki jembamba kadiri watu wanavyoacha kebo.