Faili "limefungwa na mtu mwingine" na huyo mtu hayupo: acheni kupiga Windows upya kwenye kompyuta za watu

Wakuu, huu ni uzi wa malalamiko na sitapunguza makali.

Kila mwisho wa mwezi, ripoti zikianza kudaiwa, mchezo ni ule ule. Mtu anafungua waraka wake wa Word, kompyuta inamjibu "locked for editing by another user". Ofisini yuko peke yake. Anaita fundi. Fundi anatupa jicho mara moja na kutoa hukumu: Office imeharibika, tupige Windows upya. Nusu siku ya kazi inakwenda, hela inatoka, na mafaili yaliyokuwa Desktop yanapotea kwa sababu hakuna aliyeyahamisha. Dawa ilikuwa kufuta kijifaili cha baiti 162. Baiti, sijasema kilobaiti.

Wengine hawaiti hata fundi. Wanabofya "Read Only", wanahifadhi nakala kwa jina jipya, na baada ya wiki folda ina Ripoti mwisho, Ripoti mwisho 2 na Ripoti mwisho kabisa, kila moja ikiwa na takwimu zake. Kisha mkurugenzi anasaini isiyo sahihi.

Tuelewane kwanza kinachotokea. Word ikifungua waraka inafanya mambo mawili. Inaiambia Windows kwamba faili hili nimelishika, mwingine asiliandike. Hiyo ndiyo kufuli yenyewe, na inakaa kwenye kumbukumbu ya mashine tu, haiandikwi popote ndani ya waraka. Halafu inatengeneza kijifaili kilichofichwa kando ya waraka, folda ile ile, jina lake likianza na ~$. Ndani mna jina la aliyefungua, basi. Waraka ukiitwa Ripoti ya Machi.docx, kijifaili kitaitwa ~$poti ya Machi.docx, kwa kuwa Word hula herufi mbili za mwanzo jina likiwa refu. Excel haili kitu, inabandika ~$ mbele ya jina zima, na kijifaili chake kina baiti 165. Ukifunga waraka kwa utaratibu, kufuli na kijifaili vyote vinaondoka.

Umeme ukikatika, kijifaili kinabaki. Ukichomoa flashi bila kui-eject, kinabaki na kinasafiri nayo hadi kwenye kompyuta nyingine. Word ikiganda ukafunga dirisha kwa nguvu, dirisha linatoweka lakini mara nyingi programu inaendelea kuishi chinichini ikiwa imelishika faili. Hapo kufuli ni ya kweli kabisa, na "mtu mwingine" ni wewe mwenyewe. Ujumbe ungeweza kusema hivyo. Ungeweza kutaja jina la kijifaili na mahali kilipo. Hausemi, unamtupia mtu lawama ya mwenzake asiyekuwepo, na watu wamegombana maofisini kwa ajili ya hilo.

Fanyeni hivi, kwa mpangilio huu huu.

Hifadhi na ufunge nyaraka nyingine zote za Word. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, Task Manager ifunguke, nenda kwenye Details, tafuta WINWORD.EXE. Kwa Excel ni EXCEL.EXE. Ikiwa bado imo wakati huoni dirisha lolote la Word, ndiye mshikaji huyo: iteue, bofya End task. Narudia, funga nyingine kwanza, maana End task inaua madirisha yote ya Word kwa pamoja na kisichohifadhiwa kinakwenda nacho. Word hujiwekea akiba kila dakika 10 usipobadilisha mpangilio, mafaili yenye mkia wa .asd, kwa kawaida ndani ya %AppData%\Microsoft\Word. Kaangalie huko kabla hujalia.

Jaribu kufungua waraka. Ukigoma, angalia kama Explorer (dirisha la mafaili) inaonyesha ndani ya faili upande wa kulia wa dirisha. Sehemu hiyo ya Preview nayo hulifungua faili ili ikuonyeshe, na mara nyingine haliachii. Alt+P inaizima. Watu wengi hawaijui hii kabisa.

Bado? Sasa ndipo tunafuta kijifaili. Kwenye Windows 11 nenda View, Show, Hidden items. Kwenye 10 ni View kisha Hidden items. Kitaonekana kimefifia, kinaanza na ~$, jina linafanana na la waraka wako. Futa. Kama unapenda kuandika amri, fungua cmd (dirisha la amri la Windows) ndani ya folda hiyo, andika dir /ah ~$* uone vilivyopo, kisha del /ah "~$poti ya Machi.docx".

Kuna kipimo hapa ambacho mafundi wangekitumia wangeacha kubahatisha. Word hukishika kijifaili chake muda wote waraka uko wazi. Kikifutika bila ubishi, kilikuwa mabaki. Kikikataa na Windows ikasema kiko wazi kwenye programu, yupo aliyekishika kweli, kwenye mashine hiyo au nyingine ya mtandaoni, na unatakiwa umtafute kabla ya kufanya lolote. Andika resmon (Resource Monitor) kwenye Start, fungua CPU, kisha Associated Handles, weka kipande cha jina la faili kwenye kisanduku cha kutafutia. Kama mshikaji yuko kwenye mashine hiyo hiyo, itakutajia programu iliyoshika. Imo ndani ya Windows, hailipiwi. Hakuna sababu ya kushusha vijiprogramu vya kufungulia mafaili kutoka tovuti zisizojulikana, vinavyokuja na matangazo na virusi.

Na tafadhali msifute kila kitu chenye ~ eti mnasafisha. ~$ haina hata sentensi moja ya kazi yako. Lakini ~WRL na namba, yenye mkia wa .tmp, inaweza kuwa ndiyo nakala pekee iliyobaki ya waraka wako wa kabla umeme haujakatika. Inakili kwanza mahali pengine, badilisha mkia uwe .docx, ifungue uone.

Jambo lingine linaloniudhi: kompyuta zote za ofisi zimewekewa Office kwa pamoja na jina la mtumiaji ni "user" au "HP" kila mahali. Faili likifungwa kweli na mtu wa chumba cha pili, ujumbe unasema limefungwa na HP. HP gani? Nenda File, Options, General, andika jina la mtu kwenye User name, weka tiki kwenye "Always use these values regardless of sign in to Office". Ni kazi ya dakika moja kwa kila mashine, na inamaliza nusu ya ugomvi.

Mdau wa seva anajibu

Mleta mada umesema kweli, ila umeiacha sehemu inayosumbua zaidi maofisini: folda ya pamoja kwenye seva. Pale kuwasha upya kompyuta yako hakusaidii ikiwa aliyeshika ni kompyuta ya mhasibu iliyozimika ghafla, na seva bado inaamini yupo.

Ingia kwenye seva yenyewe, andika fsmgmt.msc, fungua Open Files. Utaona kila faili na jina la aliyelifungua. Bofya kulia, Close Open File. Wanaopenda PowerShell (dirisha lingine la amri la Windows) waandike Get-SmbOpenFile | Where-Object Path -like "*Ripoti*", wasome ClientUserName na ClientComputerName, kisha Close-SmbOpenFile -FileId na namba waliyoiona. Mpigie mwenye jina kabla ya kufunga. Kama anaandika kweli, umemkata katikati ya kazi.

Lakini hasira yangu mimi iko kwenye ruhusa. Wasimamizi wanaogopa watu wasifute mafaili, kwa hiyo wanatoa Read na Write na kuinyima Delete. Wanadhani wamelinda data. Word haiandiki juu ya waraka wa zamani moja kwa moja: inaandika faili jipya la muda, inaondoa la zamani, inalipa jipya jina la zamani. Bila ruhusa ya kufuta, kuhifadhi kunakwama nusu njia. Na kijifaili cha ~$ nacho hakifutiki mtu akifunga waraka, hata akifunga vizuri kabisa. Folda inajaa mabaki na kila asubuhi kuna malalamiko mapya. Mkiona folda moja ya seva ina ~$ na .tmp nyingi kuliko nyaraka zenyewe, anzieni hapo. Toeni Modify kwenye NTFS (ruhusa za folda yenyewe kwenye diski) na Change kwenye share (ruhusa za kuifikia kwa mtandao). Ulinzi dhidi ya kufutwa unatafutwa kwenye nakala za akiba za kila siku, si kwenye kuivunja Word.

Kwa seva ya Samba (seva ya mafaili ya Linux), smbstatus -L itakuonyesha kufuli zote.

Mleta mada

Asante mkuu. Hiyo ya Delete iandikwe kwenye mlango wa kila chumba cha seva.

Kuna aliyeniuliza faragha kuhusu "This modification is not allowed because the selection is locked". Dada, huo ni ujumbe mwingine kabisa, usihangaike na ~$. Fungua File, Account. Ukikuta "Activation Required" au habari ya leseni, Office yako ni ile ya majaribio iliyokuja na laptop mpya na muda wake umekwisha. Inakuruhusu kusoma tu. Lipia, au weka LibreOffice, ambayo ni ya bure na inafungua .docx. Kama leseni ni nzima, basi aliyeutengeneza waraka ameuwekea kizuizi: Review, Restrict Editing, Stop Protection. Kama kina nenosiri, mwombe mwenyewe.

Mstari wa njano juu ya waraka nao una maana zake. "Protected View" inatokea kwa faili lililotoka kwenye barua pepe au intaneti, unabofya Enable Editing ukimwamini aliyelituma. "Marked as Final" unabofya Edit Anyway. Na ukifungua waraka moja kwa moja kutoka ndani ya zip, utoe nje kwanza. Haya yote nimeyaona yakiitwa "faili limejifunga" na kutozwa pesa.

Wa OneDrive na SharePoint, yaani mafaili yanayokaa kwenye seva za Microsoft mtandaoni: mashine ikizimika ghafla waraka ukiwa wazi, kufuli ya muda iko upande wa seva na hukaa kama dakika 10. Hapo hakuna cha kufuta kwenye kompyuta yako. Funga, subiri, fungua tena. Hakikisha pia alama ya kusawazisha imemaliza kuzunguka.

Mdau mwingine anauliza: Sisi shuleni tuko LibreOffice kwenye Ubuntu. Inasema faili limefungwa na mimi mwenyewe kwenye mfumo tofauti. Nifanyeje, mkuu?

Mleta mada

LibreOffice angalau inakuambia ukweli. Kijifaili chake kinaitwa .~lock.Ripoti.odt#, kando ya waraka. Kwa kuwa kinaanza na nukta kimefichwa. Bonyeza Ctrl+H kwenye dirisha la mafaili. Kifungue kwa kihariri maandishi cha kawaida, kina mstari mmoja: jina, jina la kompyuta, tarehe na saa, na njia ya profaili. LibreOffice inalinganisha jina, kompyuta na profaili na vya mashine uliyopo. Vikilingana vyote, inajua ni mabaki yako na inafungua bila kuuliza. Visipolingana, kwa mfano flashi imetoka mashine nyingine au kompyuta imebadilishwa jina, ndipo unapopata ujumbe huo.

Soma saa iliyoandikwa humo. Ikiwa ni ya jana na jina ni lako, fungua terminali (dirisha la amri) ndani ya folda hiyo, andika rm ".~lock.Ripoti.odt#", alama za nukuu ni lazima jina likiwa na nafasi ndani yake. Kumbuka tu kwamba kile kipimo cha kufutika hakifanyi kazi huku, kwa sababu Linux itakuruhusu kukifuta hata mwenzako akiwa anaandika. Kwa folda ya pamoja, uliza mwenye jina kwanza.