Binti yangu wa miaka 17 ana mshahara na anauza keki: kodi yake niijaze mimi?

Mama Nkuhungu
Ndugu wanajamvi, habari za jioni. Mimi ni mtumishi wa umma hapa Dodoma, na nina binti wa miaka 17 aliyemaliza kidato cha nne Novemba iliyopita. Wakati akisubiri kwenda kidato cha tano mwezi Julai, alipata kazi katika duka la vifaa vya ofisi kwa Sh 220,000 kwa mwezi, na kila Jumamosi anaoka keki za oda kwa majirani na wafanyakazi wenzangu. Kuanzia Januari hadi mwisho wa Juni nakadiria mauzo ya keki yatafika Sh 1,450,000, na daftari lake, ambalo kurasa zake zimeshika unga, linaonyesha kwamba mayai, sukari, siagi, unga na mkaa vitakuwa vimekula Sh 870,000.

Kinachonisumbua ni kwamba mwajiri wake anataka jina langu ndilo liandikwe kwenye orodha ya mishahara, kwa kuwa binti hana TIN (namba ya mlipakodi), kisha fedha apewe mtoto mkononi. Kaka yangu ananishauri nikubali, akisema mtoto anayelelewa na mzazi kodi yake ni ya mzazi. Sitaki kuidhulumu Serikali, wala sitaki mwanangu aanze maisha ya kazi kwa jina lisilo lake. Je, kipato hiki nikiongeze kwenye changu?

Mhasibu wa Ilazo
Dada yangu, nakuomba usikubali. Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura 332, humtoza kila mtu kwa kipato chake mwenyewe, na aliyefanya kazi hapa ni binti. Mshahara usiozidi Sh 270,000 kwa mwezi haukatwi kodi, kwa hiyo akilipwa kwa jina lake makato ni sifuri. Akilipwa kwa jina lako, wewe ambaye tayari una mwajiri, fedha hiyo inahesabika kuwa ni ya ajira ya pili, ambayo hukatwa asilimia 30: Sh 66,000 kila mwezi, yaani Sh 396,000 kwa miezi sita, kwa kazi ambayo hukuifanya. Na hapo sijagusa maelezo utakayodaiwa ofisini kwako kuhusu ajira hiyo.

Mkulima wa Hombolo
Namuunga mkono mhasibu. Kuhusu keki, mauzo ghafi, yaani kabla ya kutoa gharama, yasiyozidi Sh 4,000,000 kwa mwaka hayatozwi kodi. Hata hivyo daftari lisiachwe, kwa sababu mwenye mauzo ya Sh 5,000,000 na kumbukumbu hulipa asilimia 3 ya kilichozidi milioni nne, yaani Sh 30,000, ilhali asiye na kumbukumbu hulipa Sh 100,000. Mimi niliwahi kulipa hiyo laki moja mwaka ambao daftari langu la zabibu lililowa mvua shambani, kurasa zikagandamana, nikakosa cha kuonyesha.

Mhasibu wa Ilazo
Mzee wangu, shikamoo. Viwango ulivyovitaja ni sahihi, ila vimewekwa kwa ajili ya mtu ambaye kipato chake chote ni cha biashara, na binti huyu ana mshahara pia. Kwake tunajumlisha mshahara na faida ya mwaka: Sh 1,320,000 za dukani na Sh 580,000 za keki, jumla Sh 1,900,000. Kiwango cha mwaka kisichotozwa ni Sh 3,240,000, kwa hiyo bado hadaiwi kodi. Akiendelea kuoka wakati wa likizo za shule, hesabu irudiwe kabla ya Desemba.

Mtanzania wa Minnesota
Huenda kaka wa mtoa mada amesikia utaratibu wa huku Marekani. Hapa mzazi anaweza kuchagua kuingiza kipato cha mtoto kwenye ritani yake, yaani taarifa yake ya kodi ya mwaka, kwa Fomu 8814, lakini ni pale tu ambapo kipato chote cha mtoto ni riba na gawio. Mtoto akiwa na mshahara, hata huku njia hiyo haipo.

Mama Nkuhungu
Nawashukuru sana, na Mzee wa Hombolo, shikamoo. Limebaki suala la TIN. Pia ana akaunti ya akiba yenye riba kidogo, nayo niihesabu?

Mhasibu wa Ilazo
Riba hiyo benki huikata asilimia 10 yenyewe, na makato hayo ni ya mwisho, kwa hiyo usiihesabu tena. Kuhusu TIN, usajili wa mtandaoni hudai namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa), ambayo hutolewa kwa aliyetimiza miaka 18, kwa hiyo nendeni wote wawili ofisi ya Mamlaka ya Mapato (TRA) mkiwa na cheti chake cha kuzaliwa, kitambulisho chako na barua inayoeleza kazi yake na malipo yake. Nakala ya barua igongwe muhuri wa kupokelewa, kisha mpelekee mwajiri.

Mama Nkuhungu
Barua tumeiandika jana usiku, na amesaini mwenyewe. Tulipopitia daftari, hesabu ya Mei ilikuwa na pungufu ya Sh 4,000. Ni trei ya mayai iliyopanda bei, naye alikuwa ameandika bei ya zamani. Tumesahihisha, na Jumatatu asubuhi tunakwenda.