Mtoto wa darasa la tatu hajui kusoma, mwalimu anasema ni mzito. Inaweza kuwa macho?

Mama Shani, Masasi
Habari zenu ndugu zangu. Binti yangu ana miaka tisa. Mwalimu kaniita, anasema mtoto ni mzito na upimaji wa darasa la nne utamshinda. Nyumbani namwona ana akili zake timamu: hesabu za kichwa anamshinda kaka yake, ukimsimulia hadithi anairudia yote. Shida ni kitabu. Anakisogeza mpaka pua inakaribia karatasi, anaruka mistari, halafu anafikicha macho na kulalamika kichwa. Juzi nikamwambia anisomee bango la duka la ng'ambo ya barabara. Akaniuliza, "Mama, kwani pale pameandikwa?" Nikaishiwa nguvu.
Bibi yake hataki kusikia habari ya miwani, anasema macho yatazoea yaharibike kabisa. Jirani anasema nimpe karoti. Nianzie wapi?

Mwalimu wa Ruangwa
Pole dada. Watoto wa hivi tunao madarasani. Ubaoni haoni, kwa hiyo ananakili kwa jirani. Daftari linajaa, siku ya mtihani anakaa peke yake anapata sifuri, tunamwita mzito. Wala hawezi kukwambia haoni, maana amezaliwa akiona hivyo na anadhani wote tunaona vile. Mwombe mwalimu amkalishe mbele kuanzia kesho, miwani itamkuta hapo.

Nesi wa Macho
Mama Shani, miwani haiharibu macho. Kinachoharibu ni kuchelewa. Jicho moja likiwa dhaifu, ubongo hulipuuza na kulitegemea jingine, ndiyo tunaita jicho vivu. Tiba yake hufanya kazi vizuri zaidi kabla ya miaka saba au nane. Kwa tisa bado kuna nafasi, ila usikae.
Ili ujue kama kuna jicho dhaifu, mfunike jicho moja kwa kiganja chako, siyo chake, maana watoto huchungulia kwenye vidole. Aangalie kitu cha mbali, kisha ubadilishe jicho.
Karoti mpe, ni chakula kizuri. Vitamini A hulinda macho, lakini haiondoi uoni hafifu unaohitaji miwani.
Kwako Masasi, ulizia huduma ya macho Hospitali ya Ndanda, ni karibu. Wakikupa rufaa, nenda Hospitali ya Ligula au Hospitali ya Kanda ya Kusini, zote Mtwara. Uliza kama watampima kwa matone ya kupanua mboni, kwa sababu misuli ya jicho la mtoto ina nguvu na bila dawa kipimo kinaweza kudanganya. Mwanga utamsumbua kwa saa kadhaa, mbebee kofia. Na miwani ya mnadani usimnunulie kabisa.
Wazazi wengine mnaosoma: mboni ikionekana nyeupe, msingoje, ni hospitali siku hiyohiyo.

Baba Zuu, Lindi
Naongezea. Mwanangu alipata miwani, ubao akauona, kusoma bado kukawa kugumu. Kumbe alikuwa na disleksia pia, yaani ubongo hupata shida kuunganisha herufi na sauti zake, hiyo haiko machoni. Kilichomsaidia ni mwalimu kumrudisha kwenye sauti za herufi, taratibu, kila siku. Kwa hiyo pima macho kwanza, lakini asipobadilika usimgombeze. Na ukiuziwa miwani ya rangi au mazoezi ya macho ya kutibu disleksia, kataa: madaktari wa watoto na wa macho Marekani walitoa tamko la pamoja mwaka 2009 kwamba ushahidi hauungi mkono tiba hizo.
Bibi usibishane naye. Nenda naye kliniki.

Mama Shani
Asanteni sana. Nimemfunika. La kushoto nikiziba anatulia, anasema anaona kidogo. La kulia nikiziba anausukuma mkono wangu. Nilitaka kusubiri malipo ya korosho ndiyo tuende.

Nesi wa Macho
Usisubiri korosho, dada. Kusukuma mkono maana yake umeziba jicho analolitegemea. Mweleze daktari hivyohivyo ulivyoandika. Wakimpa kitambaa cha kuziba jicho zuri, fuata saa watakazokupangia hata akilia, na umwambie mwalimu mapema ili wenzake wasimcheke.

Mama Shani
Tunaondoka Jumatatu alfajiri. Bibi anakuja, amesema daktari atamuuliza yeye mwenyewe.